Vidole Vinne Begani mwa Mwalimu

Mmeniuliza safari ilikuwaje, na mmeuliza kwa adabu. Nitawajibu kwa hasira, kwa sababu hasira ndiyo mzigo pekee niliorudi nao mzima. Nilirudi pia na samaki wawili wakavu, lakini hao mmeshanisaidia kuwamaliza.

SAIO, KABLA YA KUONDOKA

Baadhi yenu mlikuwepo siku tulipomlilia Mwalimu Ngabu, mkuu wetu wa masomo, yaani shule ya msingi, kule kijijini Bule. Tulimlilia vizuri, siwezi kukana. Habari ilianzia kwenye kundi letu la simu la wanafunzi wa zamani. Mmoja aliandika kwamba amesikia Mwalimu amefariki ng'ambo ya ziwa, Uganda, kwa wakimbizi. Wa pili akaandika pole. Pole zikifika kumi, hakuna tena anayethubutu kuuliza swali.

Kwingine mtu angeuliza: maiti iko wapi? Sisi watu wa Ituri tumejifunza kutouliza. Tangu vita vianze kutukatia barabara, watu wetu wanafia mahali tusipoweza kufika. Basi tunaweka picha juu ya kiti, tunatandika kitambaa kipya cha kikwembe, tunalia siku mbili mbele ya kiti. Tumezoea matanga yasiyo na maiti hata tumesahau kwamba wakati mwingine maiti haipo kwa sababu hakuna aliyekufa.

Rais wa kundi letu, Fostini, anayeuza simenti, alitoa uwanja wake pale Saio, hapa Bunia, akaleta hema na viti, akachapisha fulana zenye sura ya marehemu. Picha ilikatwa kutoka picha nyingine ya zamani, na kwenye bega la Mwalimu vilibaki vidole vinne visivyo na mwenyewe. Fundi wa kuchapa alisema akivifuta ataharibu shingo. "Acha," Fostini akasema, "ni malaika wake." Chini yake tukaandika: PUMZIKA KWA AMANI, MWALIMU.

Hotuba ya kuaga nilipewa mimi. Nilisoma fasihi Kisangani, na katika mji huu watu wakihitaji machozi wananiita kama wanavyomwita fundi bomba wakihitaji maji. Mnaujua mwisho wa hotuba ile. Niliinua mkono wangu wa kushoto, huu ninaoandikia, nikasema: "Walimu wengine waliupiga mkono huu. Mwalimu Ngabu ndiye aliyeuacha huru." Akina mama wakaangua kilio. Fostini akalia. Mimi pia nililia, kwa utamu wa maneno yangu mwenyewe, na haikuwa mara ya kwanza.

Wiki tatu baadaye nilikwenda sokoni kununua samaki, nikiwa nimevaa ile fulana. Pamba yake ni nzuri. Mama Masika, muuza samaki ambaye watu wake walihamia hapa kutoka Butembo, alikitazama kifua changu kwa muda mrefu.

"Papa, huyu muzee ni nani?"

"Mwalimu wangu. Tulifanya matanga yake mwezi uliopita."

"Mulimuzika wapi?"

"Hatukumzika. Tulilia tu."

Akaweka kisu chini. Akacheka mpaka jirani yake wa meza ya pili akaja kuuliza kuna nini. "Papa, huyu muzee niliachana naye juma ilipita! Alisema samaki yangu inanuka. Mufu anasikia harufu namna gani?"

Nikampigia Fostini simu palepale. Nikamweleza. "Ulisema anagombana na muuza samaki?" akauliza. Nikasema ndiyo. "Basi ni yeye." Akaongeza: "Usiandike mu kundi. Batu bataona haya."

Hapo ndipo hasira ilipoanza. Na Mama Masika, ambaye huvuka ziwa kila baada ya majuma mawili, aliichochea kwa sentensi moja: "Muzee anaisha, papa. Kama unaenda, enda sasa, ju mara ya pili haitakuwa uongo."

KUSHUKA KASENYI

Tuliondoka asubuhi kwa kamioneti ya wafanyabiashara wa samaki. Mama Masika alikaa mbele na dereva. Mimi, mtu wa vitabu, nilikaa nyuma juu ya masanduku ya barafu, na hotuba yangu ndani ya bahasha ya plastiki kifuani. Nilikuwa nimeipiga chapa upya. Nilirekebisha hata nukta. Fikirini: mtu anakwenda kuomba radhi kwa kumzika mzee wa watu akiwa hai, na usiku wa kuamkia safari anahangaika na nukta.

Baada ya Bogoro, pale barabara inapoanza kulitazama ziwa, kamioneti ilikufa. Dereva alifungua boneti akaisemesha injini kwa Kilingala, lugha anayotukania, na hiyo ni dalili mbaya. Tulikaa pale tangu jua likiwa changa hadi barafu ikaanza kututiririkia miguuni. Mwanamke mmoja alipita na mahindi ya kuchoma. Tukala. Mama Masika akanigeukia.

"Sasa ukifika utamwambia nini?"

"Nitamsomea yale niliyosema siku ya matanga. Nataka ayasikie akiwa hai."

"Miaka yote ulikuwa wapi?"

Nikamwambia barabara zilikuwa zimekatika. Akatafuna punje zake taratibu.

"Miye napita mu ile barabara mara mbili kila mwezi, na makilo ya samaki kichwani. Iko na mashimo, ndiyo. Lakini haikatike."

Nilimkasirikia kwa kilomita zote zilizobaki. Ni kawaida yangu kumkasirikia mtu aliyesema kweli mpaka nipate nafasi ya kusema ile kweli mwenyewe, kwa Kiswahili kizuri zaidi.

KASENYI, SIKU MBILI

Kasenyi, ufukoni mwa ziwa, joto linakupokea kama shemeji asiyekupenda. Tulifika jioni, tukaambiwa ziwa limechafuka, hakuna kuvuka. Kesho yake ziwa lilitulia kama maziwa kwenye kibuyu, tukaambiwa injini ya mtumbwi imefunguliwa. Niliiona, vipande vyake vimepangwa juu ya gunia, na fundi amekaa mbele yake ameshika tama.

Nililala kwa mama mmoja mwenye vyumba vitatu na jiko moja. Alipika samaki wa kapitaine kwa nyanya na ndimu, na bugali mgumu unaosimama wenyewe. Asubuhi nikiwa natafuta sabuni, ile fulana ikaanguka kutoka kwenye mkoba. Mama akaiokota, akasoma, akaweka mkono mdomoni.

"Pole, papa! Kumbe uko mu kilio na haukusema!"

Nilipaswa kusema: hapana, mama, huyu ni mzima, anagombana na wauza samaki. Lakini hapo ningeeleza yote, na yote yalinitia aibu. Nikainamisha kichwa. Nusu saa baadaye mtaa mzima ulikuwa unanipa pole. Mchana nililetewa kichwa cha samaki, ambacho kule hupewa mgeni wa heshima, na nikakila, macho yake yakinitazama. Mama Masika alikuwa amekaa pembeni akila mkia.

"Unamuzika mara ya pili," akaninong'oneza. "Hii mara unakula peke yako."

ZIWANI

Siku ya tatu injini ilirudi kuwa injini. Tulipakiwa: watu, magunia ya mihogo, mbuzi mmoja mwenye kiburi, magodoro. Pwani ilipoanza kupotea, upepo ukaamka. Maji yakaanza kuingia, tukapewa makopo ya kuyachotea. Mimi nilishika kopo kwa mkono wa kushoto na bahasha ya hotuba kwa mkono wa kulia, na ninawaambia wazi kwamba kwa muda fulani sikujua nikizidiwa niachie kipi.

Ndipo mzee mmoja aliyelala kwenye nyumba ileile akasimama, akashika magodoro asianguke, akasema: "Ndugu zangu, tuko na mwenzetu mu kilio. Tuimbie marehemu." Wakaimba, mtumbwi mzima, wimbo wa kanisani wa kumsindikiza maiti, kwa sauti nne. Walimwombea Mwalimu Ngabu afike ng'ambo salama. Mimi niliitikia. Ningefanya nini? Mama Masika aliimba kwa nguvu kuliko wote, machozi ya kicheko yakimtoka, na wenzetu wakadhani ni uchungu.

"Kwa nini hukuwaambia?" nikamuuliza tulipoona ufuko.

"Mawimbi ilikuwa mingi. Wimbo ni wimbo."

NG'AMBO, MLIMANI

Upande wa Uganda, Kiswahili changu kiliniponza. Nilimwita kijana wa pikipiki kwa sauti ya mwalimu wa fasihi, naye akasimama wima akaanza kunitolea vitambulisho vyake. Mama Masika alimweleza kwa Kitoro, lugha ya huko. Kule, kumbe, mtu mzima akikuamuru kwa Kiswahili safi unamdhania askari. Mimi, ambaye sijawahi hata kumfukuza kuku jikoni akatii!

Tulipanda mlima tukiwa watatu juu ya pikipiki, samaki wa nne. Makazi ya wakimbizi yametandazwa juu ya vilima: nyumba za udongo, mapaa ya turubai nyeupe, mistari ya maharage kila mahali palipobaki nafasi. Tulisimama mbele ya nyumba iliyofagiliwa mpaka udongo unang'aa. Nje, juu ya kiti cha mbao, alikaa Mwalimu Ngabu. Macho yake yalikuwa na utando mweupe. Miguu yake ilikuwa myembamba kama fimbo alizokuwa akitupigia. Pembeni, mke wake alikuwa amekaa kwenye kigoda, beseni mbele yake.

Nilimshika Mwalimu kwa mikono miwili, nikainama, nikakaa hivyo muda mrefu. Kisha nikamgeukia mama wa nyumba, nikasema, "Mama, habari ya siku mingi," nikampa sabuni na kikwembe. Akapokea. Akanitazama kama mtu anayesubiri neno la pili. Sikuwa nalo. Akachukua samaki wa Mama Masika, akaanza kuwaparua magamba.

"Ni nani huyu?" Mwalimu akauliza.

Nikataja jina langu. Halikumwambia kitu. Nikasema mimi ni mtoto wa yule mwenye ng'ombe, chini ya mto.

"Kashoto," akasema mkewe, bila kuinua kichwa.

"Aa! Kashoto!" Mwalimu akapiga paja. Mimi nikafurahi kwamba Mwalimu amenikumbuka. Angalieni vizuri nani aliyekumbuka. Mimi sikuangalia.

"Banasema mulinifanyia matanga," Mwalimu akasema.

"Ndiyo, Mwalimu. Nimekuja kuomba..."

"Mulikula nini?"

"Mbuzi. Na mchele."

"Na mutu mumoja hakuuliza maiti iko wapi?"

Kisu kiliendelea kuparua.

"Miaka yote nilibafundisha kitu moja!" Sauti ikatoka ileile, ile iliyokuwa ikifika mpaka kwenye miti ya mikaratusi nyuma ya madarasa. "Kabla ya kuamini, uliza: nani, wapi, lini. Nani! Wapi! Lini! Maswali tatu! Batu bakubwa, na mashati ya pasi, na simu mu mukono, hakuna mumoja alikumbuka maswali tatu?"

"Hakuna, Mwalimu."

"Zéro," akasema. Kisha akatulia, akajiegemeza. "Sasa soma. Mama Masika alisema iko na maneno mingi ya kuzuri."

Nilikataa. "Soma," akasema, "miye ndiye mufu, niko na haki."

Nikasimama, nikasoma. Nilipofika "shujaa asiyejua usingizi", akanikatiza: "Nililala kila siku saa nane ya muchana, masomo yote ilijua." Nilipofika "sauti ya upole", Mama Masika alikohoa. Niliendelea. Nikainua mkono wa kushoto. Nikasema ile sentensi yangu, ile iliyowaliza akina mama wa Saio.

"Rudia hapo."

Nikarudia, na kwa fahari nikaongeza sauti. Kisu kilikuwa kimenyamaza.

"Ile ni uongo," Mwalimu akasema.

"Mwalimu, ninakumbuka. Nilisimama mbele yako. Kamba ikaanguka. Uso wako ulikuwa mbele yangu, unanitazama."

"Uso ilikuwa yangu. Ndiyo. Na ile kamba, nani aliifunga? Ni miye. Kamba ya ndama. Nilikufunga mukono nyuma, ku mukanda ya suruali, siku ine. Nilisema mutoto wa kushoto ni haya ya masomo. Sasa fikiri. Kama miye nilikuwa mbele yako, nyuma kulikuwa nani?"

Nimeandika makala mengi juu ya kumbukumbu. Baadhi yenu mmeyasoma, au mmeniambia mmeyasoma. Lakini pale ndipo nilipokumbuka kwa mara ya kwanza, kwa ngozi: vidole vikihangaika na fundo nyuma ya mgongo wangu, vikavu, vyenye unga wa chaki. Sikugeuka. Mtoto wa darasa la tatu hageuki wakati mkuu wa masomo anamtazama. Nilichukua uso niliouona nikaupa mikono nisiyoiona.

"Alitoka mu darasa yake ya batoto badogo," Mwalimu akasema, "akaingia mu yangu, mbele ya banafunzi yote. Hakupiga hodi. Akafungua. Kisha akaniletea mukono yake hivi, akasema: 'Directeur, ukitaka kufunga tena, anza na hii.' Siku sita hakunipikia."

"Siku tisa," akasema Madame Rozalia.

Madame Rozalia. Mwalimu wangu wa kwanza. Aliyeniwekea kalamu mkononi, mkono huu, akasema "sawa tu, andika". Nami nilikuwa nimemwita mama wa nyumba, nimempa sabuni.

Nilifanya la kijinga: nikatoa fulana nikaikunjua. Madame akafuta mikono kwa kanga yake, akaivuta karibu. Hakutazama uso wa mume wake. Alitazama bega. Akaweka vidole vyake vinne juu ya vile vinne, vimelingana.

"Hii ni miye! Tulipiga hii picha siku ya arusi ya dada yangu. Mulinitupa wapi?"

Mama Masika alicheka. Mwalimu alicheka. Madame mwenyewe alicheka, mpaka akashika mbavu. Mtu pekee aliyekuwa na hasira katika uwanja ule ni mimi, na hasira yangu haikuwa na mtu wa kumwendea zaidi ya mwenyewe.

"Aksanti, Madame," nikasema. Ndiyo hotuba niliyobaki nayo.

"Kula," akasema samaki walipoiva. "Samaki inapoa."

Nikanyoosha mkono kwenye bugali, na bila kufikiri nikanyoosha wa kushoto. Akauchapa kofi. "Ya kuandika, ndiyo! Ya kula, hapana!"

Kesho yake asubuhi nilimkuta Madame chini ya turubai, na ubao uliopasuka, anafundisha watoto wadogo. Amezidi miaka sabini. Hakuna aliyemwomba, alisema, na hakuna aliyemkataza. Katika mstari wa pili msichana alikuwa anaandika kwa mkono wa kushoto, ulimi nje, na hakuna mtoto aliyekuwa akimtazama. Mwalimu Ngabu alikaa nyuma kabisa kama mwanafunzi aliyerudia darasa, amevaa fulana yake ya matanga. Asubuhi kule kuna baridi, na pamba, nimeshasema, ni nzuri.

Nilipouliza wanahitaji nini kutoka Bunia, Mwalimu alisema dawa ya macho. Madame alisema chaki, na rangi nyeusi ya ubao. Alinisindikiza mpaka kwenye pikipiki.

"Kashoto. Siku utasikia nimekufa..."

"Madame, usiseme hivyo."

"Nyamaza, nasema. Siku utasikia, uliza kwanza."

KURUDI

Ziwa lilikuwa tulivu na sikulitazama. Kasenyi yule mama wa vyumba vitatu aliniuliza kama mazishi yalikwenda vizuri. Nikamwambia kweli yote, kwa sauti, mbele ya majirani. Alinitazama, akaingia ndani, akarudi na samaki wawili wakavu. "Peleka. Ya kichwa uliyokula ilikuwa ya kilio. Hii ni ya furaha." Nilipanda kamioneti nikiwa nimeshindwa hata na ukarimu.

Jioni ile niliyofika nilikwenda moja kwa moja Saio, kwa Fostini, kabla ya kuoga. Fulana zilizobaki zilikuwa kwenye boksi chini ya mifuko ya simenti. Nilitoa moja, nikaitandika juu ya meza, nikamwonyesha vile vidole. Nikamweleza kamba ya ndama, uso, mikono, chaki, turubai. Nilimwambia kwamba malaika wetu ana jina, anafundisha, na anahitaji rangi ya ubao. Kwamba naandika habari hii kwenye kundi, apende asipende, na wa kwenda nami tunakwenda juma lijalo.

Fostini ni mtu wa moyo mwema. Macho yake yalijaa machozi. Alipitisha kidole juu ya vidole vile, polepole, akatikisa kichwa, akauliza:

"Masikini Madame. Alikufa lini?"